Matembezi Yetu ya Isimila

Kila mwaka inapokaribia likizo wazazi hutujia mlangoni pa shule wakiuliza, "Mwalimu, watoto hawa tuwapeleke wapi?" Siku hizi hata mkulima aliye mbali na mji amekwisha kusikia ya kuwa yafaa mtoto atembezwe, apate kuiona nchi yake. Nasi tunapowajibu kwamba mahali pa kutembelea papo, tena si mbali, wengi hucheka. "Hifadhi ni za wenye magari," ndivyo wasemavyo. Wanaposema hivyo wanaiwaza Ruaha, yenye tembo na simba, iliyo mwendo wa kilometa zaidi ya 100 kutoka mjini Iringa. Ni kweli Ruaha ni mbali, wala haifai kwenda humo kwa miguu, ila kwa mtu aliyechoka kuishi. Lakini katika nchi hii yetu ya Iringa mtu aweza kutoka nyumbani alfajiri, akaona mambo ambayo wengine huvuka bahari kuja kuyaona, akarudi kabla kuku hawajaingia bandani.

Sisi tunaoandika haya tu mwalimu wa darasa la sita katika shule iliyo upande wa barabara ya Mbeya. Tumejiwekea desturi ya kutoka na watoto Jumamosi mbili au tatu kila mwaka. Mara nyingine twapanda Gangilonga, lile jiwe kubwa lililo juu ya mji, ambalo jina lake kwa Kihehe maana yake ni jiwe lisemalo. Yasimuliwa ya kuwa Mtwa Mkwawa alikuwa akienda hapo kufikiri mambo yake. Kulipanda si kazi kubwa, na mtoto akifika juu huuona mji wote miguuni pake, akaanza kuwaonyesha wenzake paa la nyumba ya shangazi yake. Mara nyingine twaenda Lugalo, kwenye barabara ya Morogoro, mahali ambapo tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Wahehe lilikishinda kikosi cha Wajerumani, na mkubwa wao, Emil von Zelewski, akafa papo hapo. Pana mnara wa ukumbusho, na upepo mwingi. Watoto hupenda zaidi kukimbia huku na huku wakijigawa majeshi mawili, wala hakuna hata mmoja akubaliye kuwa Mjerumani.

Kalenga yataka siku nzima. Ni kijiji kilicho yapata kilometa 15 kutoka mjini, kwenye njia ya kwendea Ruaha, na hapo ndipo palipokuwa boma la Mtwa Mkwawa, hata Wajerumani walipoliteka tarehe 30 Oktoba 1894. Mtwa mwenyewe hakukamatwa. Alipigana nao porini karibu miaka minne, na tarehe 19 Julai 1898, alipoona hana pa kwenda tena, alijipiga risasi huko Mlambalasi. Kichwa chake kikakatwa na kuchukuliwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliwaagiza Wajerumani walitoe fuvu hilo katika muda wa miezi sita. Lakini halikurudi mpaka mwaka 1954, baada ya Gavana Twining kulitafuta katika makumbusho ya Bremen. Sasa limewekwa katika nyumba ya makumbusho hapo Kalenga, nyuma ya kioo, na watoto walio wapiga kelele kuliko wote hunyamaza wakifika mbele yake.

Mwaka ule tunaotaka kuusimulia, mtoto mmoja wa kike, mdogo wa umbo lakini mwenye maswali makubwa, aliuliza hapo Kalenga, "Mwalimu, walijuaje kuwa ni lake?"

Tukamweleza ya kuwa kule Bremen yalikuwako mafuvu mengi, na hili lilichaguliwa kwa kupimwa, vipimo vyake vikalinganishwa na vya vichwa vya jamaa zake Mtwa waliokuwa hai.

"Kumbe halikuandikwa jina?"

Tukamwambia kwamba lingaliandikwa vema, Gavana asingalihitaji kipimo. Mtoto akalitazama tena, kisha akatutazama sisi, asiseme neno. Tunamtaja mtoto huyu kwa sababu ndiye aliyetufunza jambo ambalo chuo cha ualimu hakikutufunza, nalo lilitokea wiki tatu baadaye, huko Isimila.

Isimila ni korongo lililo yapata kilometa 20 kusini-magharibi ya mji wa Iringa, karibu na barabara kuu ya kwenda Mbeya. Kutoka shuleni kwetu ni mwendo wa saa mbili kwa miguu ya watoto, ikiwa hawakukuta mti wenye matunda njiani. Tuliwaandikia wazazi barua, tukaomba kila mtoto aje na maji, viazi vitamu au mahindi ya kuchemsha, na fedha kidogo ya kiingilio. Siku ya pili baba mmoja alikuja shuleni na ile barua mkononi. Ndiye baba wa yule mtoto wa maswali.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema, ingawa kwa umri ni sisi tuliopaswa kumwamkia. Tukaona haya, tukamwitikia kwa kumwamkia yeye. "Nimeisoma barua yako. Yasema mwanangu atembee saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, apate kutazama mawe."

"Ndiyo, Mzee."

"Mawe yamejaa shambani kwangu. Jumamosi hiyo ningempa jembe, angeyaona mawe mpaka ayachukie."

Walimu wenzetu waliokuwa wakisikia walicheka sana, na sisi tulicheka nao. Tukamweleza ya kuwa mawe ya Isimila yalichongwa kwa mikono ya watu zamani sana, hata kabla ya kuwapo chuma duniani. Hakubishana. Alitoa fedha ya kiingilio, akaihesabu mara mbili, akasema, "Haya. Lakini akirudi nitamwuliza tofauti ya jiwe la kulipia na jiwe la bure." Yule binti alikuwa amesimama nyuma ya mlango, akasikia yote.

Siku ya safari tulikuwa watoto 38 na walimu wawili. Umande ulikuwa mwingi, na baridi ya Juni ilitufanya twende upesi mwanzoni. Jua lilipopanda watoto wakaanza kuimba, kisha wakaacha kuimba wakaanza kuuliza kama tumekaribia. Hata saa nne kasorobo tukafika.

Mtu akifika kwanza haoni kitu cha kumshangaza. Pana nyumba ndogo ya makumbusho, miti, na ardhi iliyokauka. Kiongozi wa mahali pale, mtu wa makamo mwenye sauti ya upole, alitupokea kwa "Kamwene," watoto wakaitikia kwa kishindo, naye akafurahi. Akatuketisha chini ya mti akatueleza habari ya mahali. Zamani, alisema, hapa palikuwa na ziwa lisilo na kina kirefu, na wanyama walikuja kunywa, na watu nao walikuja kwa sababu ya maji na kwa sababu ya wanyama. Mchanga na udongo vikalijaza ziwa tabaka juu ya tabaka, vikavifunika vitu vyote vilivyoachwa kando yake. Baadaye sana maji ya mvua yakalikata bonde, ndilo korongo la sasa, na yale yaliyozikwa yakatokea tena. Imeonekana mifupa ya kiboko wa namna isiyokuwapo tena duniani, ambaye macho yake yalitokeza juu ya kichwa apate kuona hali mwili wote umezama majini. Mifupa ya watu wenyewe haikuonekana. Zimebaki kazi za mikono yao tu.

Mwaka 1951 mwanafunzi mmoja wa Afrika Kusini, jina lake Maclennan, alipita njia hiyo, akaziona zana zile, akaokota baadhi. Na kwa hivyo habari zikawafikia wenye elimu. Mwaka 1957 na 1958 bwana mmoja Mmarekani, F. Clark Howell, akaja na wenzake wakachimba kwa utaratibu. Baadaye mifupa ya wanyama iliyofukuliwa hapo ilipimwa umri kwa njia za kisayansi, na hesabu ikatoa miaka ipatayo 260,000.

Hapo tuliwasimamisha watoto kidogo, kwa kuwa hesabu kubwa namna hiyo hupita sikioni kama upepo. Tukawaambia, "Hesabuni kizazi kimoja miaka 25. Tangu Mtwa Mkwawa afe mpaka leo ni kama vizazi vitano. Gaweni sasa 260,000 kwa 25." Waliandika mavumbini kwa vijiti. Wa kwanza kupata jibu alisimama akapaza sauti, "Elfu kumi na mia nne!" kisha akakaa chini polepole, kana kwamba jibu limemlemea. Sisi twaona mvulana yule alijifunza historia katika dakika ile kuliko katika muhula mzima wa kunakili ubaoni.

Tukashuka korongoni. Pana mahali chini ya paa ambapo zana zimeachwa zimelala juu ya ardhi, nyingi, moja kando ya nyingine. Ziko za namna ya shoka lisilo na mpini, lenye ncha mbele na mviringo nyuma pa kushikia. Ziko zenye ukingo mpana wa kukatia. Ziko ndogo za kuparia ngozi, na mawe ya mviringo kama machungwa. Nyingine ni nzito hata mtu hufikiri ni nani aliyeweza kuitumia siku nzima. Kiongozi alimpa kila mtoto nafasi ya kulishika moja alilokuwa nalo kwa kazi hiyo. Ni jambo la ajabu kulishika jiwe lile. Kiganja hujua chenyewe mahali pa kukaa. Kidole gumba hupata pake, na vidole vinne hupata pao, na mtu huona ya kuwa yule aliyelichonga alikuwa na mkono kama wake.

Kisha tukaingia katika korongo la pili, la nguzo. Wasomaji wetu waliopita Isimila wanazijua. Wasiopita, na wafikirie mji wa minara ya udongo, mingine myekundu, mingine ya kijivu, inayopita urefu wa nyumba, imesimama bila mtu aliyeijenga. Mvua huuchukua udongo laini, lakini palipo na tabaka gumu juu, lile hulikinga la chini yake kama mwavuli, na nguzo husimama hali jirani zake wote wamekwenda na maji. Watoto walijificha nyuma yake, wakaitana, wakajibiwa na sauti zao wenyewe. Pimbi walitutazama kutoka juu. Tulikula viazi vyetu hapo kivulini, na kwa saa nzima hapakuwa na mwalimu wala mwanafunzi.

Mvulana mmoja alimwuliza kiongozi kama yule Maclennan hakuwa mwizi, maana aliokota. Kiongozi akafikiri. "Aliokota," alisema, "lakini alisema alikoziokota. Zana ya hapa ikitoka bila neno, huko iendako ni jiwe tu." Akawaonya ya kuwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza mtu kuchukua hata kipande kimoja. Sisi nasi tukaongeza maneno yetu, tena kwa ukali uliopita kiasi, na tulijua sababu ya ukali huo, ingawa hakuna mwingine aliyeijua.

Wakati wa kuondoka, mwalimu mwenzetu alikuwa akiwahesabu watoto njiani, akaona mfuko wa chakula wa mtoto mmoja unaning'inia kwa uzito, nao viazi vilikuwa vimekwisha. Alikuwa yule binti wa maswali. Tukamwambia aufungue. Ndani, chini ya kitambaa, palikuwa na jiwe la urefu wa kiganja, limechongwa pande zote mbili.

Tukamwita mwizi. Tulisema neno hilo mbele ya wenzake 37, mbele ya kiongozi, kwa sauti ambayo korongo liliirudisha. Tukamwuliza kama masikio yake yamezibwa. Mtoto hakulia mara moja. Alisema, "Nilitaka baba alione. Aone kwamba si kama ya shambani." Ndipo akalia.

Kiongozi aliinama akamwuliza taratibu, "Uliliokota wapi, mama?" Mtoto akamwongoza, akamwonyesha mahali penyewe, kando ya mzizi, na alama ya jiwe ilikuwa ingalipo katika mchanga. Akalirudisha katika alama yake, likakaa barabara kama jicho katika tundu lake. "Basi," akasema kiongozi, "halijapotea." Akamfuta machozi kwa ncha ya kile kitambaa cha viazi. Lakini njia yote ya kurudi, saa mbili na zaidi, yule mtoto alitembea nyuma peke yake, na wenzake walikuwa wamekwisha anza kumwita kwa lile jina tulilompa.

Sasa hatuna budi kuwaeleza wasomaji jambo ambalo tulilificha miaka zaidi ya ishirini.

Tulipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili, mwalimu wetu alitupeleka Isimila sisi na darasa letu, na sisi tuliokota jiwe. Hatukuwa na baba wa kumwonyesha. Tulilitaka kwa kuwa lilikaa vizuri mkononi. Tulilificha kiunoni, chini ya shati, likatukwaruza njia nzima. Tulipofika nyumbani hofu ilikuwa kubwa kuliko furaha, tukamwambia mama tumeliokota mtoni. Mama, ambaye haachi kitu kikae bure, akalitwaa akaegemeza nalo mlango wa banda la kuku. Hapo likakaa. Tulimaliza shule, tukaenda chuo cha ualimu cha misheni, tukafundishwa kusema kweli na kuwafundisha wengine kuisema, tukaoa, tukapata watoto. Na kila tulipokwenda kumwamkia mama, jiwe lilikuwa pale mlangoni pa kuku, limejaa kinyesi, nasi tulilipita.

Usiku ule wa safari hatukulala vema. Jumapili baada ya ibada tulikwenda kwa mama.

"Mama, lile jiwe nalitaka."

"Jiwe gani?"

"Lile la banda la kuku."

Mama alitutazama kama mtu atazamaye homa ilivyoanza. "Umetembea mwendo wote huu kwa ajili ya jiwe?" Tukamweleza yote, tangu shati mpaka mtoni. Alisikiliza akichambua mboga. Mwisho akasema, "Basi niletee jingine kwanza. Nguchiro hangoji uungwana wako." Tukaenda mtoni, safari hii kwa kweli, tukamletea jiwe, na la zamani tukalisugua kwa maji na mchanga mpaka likaonekana tena jinsi lilivyokuwa. Ukingo wake mmoja ulikuwa umemeguka upya, kwa kugongwa na mlango miaka yote hiyo.

Jumatatu tuliliweka juu ya meza darasani. Tukawaeleza watoto kama tunavyowaeleza ninyi. Tukamwomba yule mtoto radhi mbele ya wale waliosikia tukimtukana, tukasema ya kuwa, ikiwa neno lile ni la haki, basi ni letu kabla ya kuwa lake, kwa kuwa lake lilikaa mfukoni robo saa na letu lilikaa miaka ishirini na zaidi. Darasa lilikuwa kimya. Mvulana mmoja aliinua mkono. "Kwa hiyo, Mwalimu, nawe tukuite hivyo?"

Tukamjibu kwamba ana haki, ila tungependa asituite. Wakacheka kidogo, na kicheko kile kilikuwa kama mvua. Mwalimu mwenzetu mmoja, mtu wa umri, alituambia baadaye kuwa tumefanya vibaya, maana mwalimu akijivua nguo mbele ya watoto hatapata tena ya kuvaa. Pengine ni kweli. Sisi hatukuona heshima yetu ikipungua, lakini huenda mwenye heshima huwa wa mwisho kuona.

Yule mtoto hakusema kitu siku hiyo. Lakini kesho yake baba yake alikuja shuleni, na safari hii tuliwahi kumwamkia. Alikuwa amesikia. Tulitazamia hasira, nasi tulijiandaa kuipokea, kwa kuwa tulimwaibisha mtoto wake. Alisema tu, "Nasikia una jiwe la kurudisha. Jumamosi nitakwenda nawe. Nataka nione kilichomliza mwanangu."

Tulikwenda watu watatu: sisi, yeye, na binti yake. Kiongozi alilipokea jiwe, akaligeuza kwenye nuru, akapitisha kidole penye ukingo uliomeguka.

"Ni la hapa," akasema. "Uliliokota upande gani?"

Tulijaribu kukumbuka. Tulikumbuka jua, na shati, na mkwaruzo tumboni. Tulikumbuka sauti ya mwalimu wetu akihesabu. Lakini kama ni korongo la juu au la chini, kama lilikuwa juu ya mchanga au limeanza kutoka katika udongo, kama kando yake palikuwa na mengine au mfupa, hayo yote yalikuwa yamekwenda.

"Basi siwezi kulirudisha mahali pake," alisema kiongozi, bila kulaumu. Alieleza ya kuwa wenye elimu ya mambo haya hawasomi jiwe peke yake. Husoma tabaka lililolala ndani yake, na majirani zake, na kina chake. Na likiisha kuondolewa katika hayo, kinachobaki ni umbo. Ningelitupa tu korongoni, alisema, ningekuwa nimeongeza uongo, maana ajaye kesho angedhani ndipo lilipoachwa na mwenyewe. Yule mtoto alitutazama. Tukajua anawaza Kalenga, lile fuvu nyuma ya kioo na vipimo vya Gavana, maana na sisi tulikuwa tukiwaza hayo hayo.

Wakati kiongozi akitafuta kalamu, baba mtu alikuwa ameinama mahali pale chini ya paa zilipolala zana. Alitazama kwa muda mrefu, mikono nyuma, kama mtu atazamaye ng'ombe mnadani. Kiongozi akampa lile jiwe letu alishike. Alilipokea kwa mkono wa kulia, akalipima uzito, akalizungusha mpaka likapata mahali pake kiganjani. Akajaribu ukingo kwa kidole gumba, vile vile ajaribuvyo jembe lake kila asubuhi.

"Huyu aliligonga upande huu kwanza," alisema, "kisha akaligeuza. Hapa alikosea kidogo, akarekebisha." Akanyamaza. "Alikuwa fundi."

"Si kama ya shambani, baba?" aliuliza binti yake.

"La, si kama ya shambani." Kisha akaongeza, kwa kuwa ni mtu asiyependa kushindwa yote, "Lakini kiingilio chao ni kikubwa."

Kiongozi aliandika kwa herufi safi katika kipande cha karatasi: zana ya jiwe, Isimila, imerudishwa. Penye mahali ilipookotwa alitutazama tena, tukatikisa kichwa, akaandika: hapajulikani. Akaliweka jiwe mezani pamoja na yale anayowapa watoto wa shule walishike. Safari ya mwaka uliofuata tulilikuta pale, na watoto wa darasa jipya walikuwa wakipokezana, kila mmoja akitafuta mahali pa kidole chake.

Njiani siku ile ya kurudisha, baba na binti walitembea mbele yetu. Mtoto alikuwa akimweleza habari za kiboko mwenye macho juu ya kichwa, na baba alikuwa akiuliza aliishi akila nini.